Siku Bawabu Alipolia Garissa

Abti,

Assalamu alaikum huko uliko. Utashangaa kuona nakuandikia kwa Kiswahili, maana nyumbani hatukuwahi kukizungumza ila tukiwa kazini. Nimejaribu Kisomali. Niliandika jina lako tu, nikaweka kalamu chini, nikaenda kunawa uso. Kiswahili kinaniachia nafasi ya kupumua. Tena Hooyo hasomi Kiswahili, na barua hii sitaki mama yangu aione.

Hakuna tena mtu wa kuniita abti. Unakumbuka waigizaji wa Nairobi walivyokuwa wakishangaa? Mpwa anamwita mjomba wake abti, sawa, lakini mjomba naye anamwita mpwa wake abti? Ukawaeleza kwamba kwetu neno hilo linakwenda na kurudi. Sasa nalisema na halirudi.

Nina hofu, Abti. Tangu uondoke nimekuwa mtu wa hofu. Naogopa simu ikilia alfajiri. Naogopa usingizi wa mchana, kwa sababu wewe ulisema kichwa kinakuuma, ukajilaza kidogo baada ya Adhuhuri, na hukuamka. Kabla ya Magharibi wanaume walikuwa wameshakubeba. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Kaburi lako nililiona kwanza kwenye simu ya rafiki yako Bashir: udongo, mawe machache, na kivuli cha Bashir mwenyewe akipiga picha.

Hooyo hakulia siku ile. Yeye dada yako mkubwa, aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mchanga, alikaa mkekani akapokea watu na jicho lake kavu. Wageni wa kutupa pole walipopungua akaanza kukuwekea chai. Kikombe chako kile kile, sukari nyingi, maziwa ya ngamia. Alasiri inapopita anauliza, "Dekow hajaja?" Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Mara nyingine nikamwambia, "Hooyo, Abti amefariki," akashika kifua kama mtu anayepata habari sasa hivi, akalia mpaka nikaogopa. Kesho yake akauliza tena. Jamaa walisema ni majonzi, yataisha. Nikakubali. Nilitaka sana kukubali.

Acha nikueleze habari za tamasha.

Lilikuwa lako, hata kama hukuliona. Miaka yote tulipokwenda Nairobi kwenye makongamano ya mashabiki, wewe na kinasa sauti, mimi na kamera, kwa ajili ya chaneli yetu ya video, ulikuwa ukiniambia kwamba siku moja hawa watu watakuja kwetu. Nilipenda kumbi zile. Watu wazima wamevaa kama wahusika wa vipindi ambavyo televisheni zenyewe zimeshavisahau, wamepanga foleni ili mzee fulani atie sahihi picha yake ya ujana. Waandishi wengine walikuwa wakimwomba mwigizaji arudie maneno yake maarufu. Wewe ulimwuliza alikula nini siku yake ya kwanza kazini. Ulisema "fideo", ulisema "bicha", kwa lafudhi yetu ya Kisomali, wakacheka, ukacheka nao, na wakishacheka walikuambia mambo ambayo walikuwa hawajamwambia mtu. Njiani kurudi ukanifundisha: "Uliza, halafu ufunge mdomo, abti. Usimsaidie. Atakuja mwenyewe."

Mimi sikuwahi kumwuliza mtu swali hata moja. Nilisimama nyuma ya kamera, hakuna aliyeniona, na hapo ndipo palikuwa pazuri kwangu.

Uliyemtaka kuliko wote alikuwa Mzee Elifasi. Nadhani nchi nzima ilimwogopa wakati wake, lakini sisi watoto wa Garissa tulimwogopa zaidi kwa sababu tulimtazama kwenye hoteli ya jirani, kwenye televisheni moja, tumejazana sakafuni, na mara nyingi umeme ulikatika katikati. *Wodi ya Mwisho*. Hospitali iliyofungwa, na Mzee Elifasi akimcheza bawabu wake ambaye hakuacha kazi. Koti refu la mvua, uso hauonekani vizuri, na kabla hajatokea unasikia funguo. Hana haraka. Funguo zinalia tu, karibu, karibu zaidi. Nilikuwa nikikaa nimejibana ubavuni mwako, na wewe mwenyewe, mtu mzima, nilikuhisi ukishtuka. Mwaka mzima nilikataa kubeba ufunguo wa duka la Hooyo.

Ulimpigia simu Embu kwao mara nyingi, mpaka akakubali kuja. Ulifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Halafu ukafa.

Bashir alikuja kwetu na macho mekundu. Unamjua Bashir, mwalimu wa watu, hawezi kuacha kitu katikati. Akasema ukumbi umeshapatikana, vijana wameshaambiwa, tufanye tamasha kwa jina la Mwalimu Dekow. Nikamwambia sawa. Kisha akasema, "Na wewe ndiye utakayemhoji Mzee jukwaani." Nikamwambia hapana. Nikasema hapana kwa lugha zote tatu ninazojua. Akaninyamazia tu, akanitazama. Alikuwa ameiga kwako.

Kila siku baada ya hapo niliamka na hofu mpya. Niliogopa watu. Niliogopa sauti yangu kwenye spika. Niliogopa pia kwamba hawatakuja, maana unajua watu wa bara wakisikia Garissa wanavyovuta pumzi tangu yale mashambulizi. Binti yake Mzee Elifasi, Wanja, alinipigia akauliza polepole kama mtu asiyetaka kumvunjia heshima mwenzake, "Dada Hibo, niambie ukweli, huko ni salama?" Nikamjibu ni salama. Nikakata simu nikajiuliza nimejuaje.

Walikuja. Gari lilivuka daraja saa za asubuhi, likakaguliwa, likaingia mjini, na Bashir na mimi tukawapokea mlangoni mwa hoteli. Abti, ni mfupi! Bawabu ni mzee mfupi, mwembamba, amevaa sweta katika joto lile. Wanja alikuwa amemshika kiwiko, hakumwachilia. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatabasamu, akauliza, "Dekow yuko wapi?"

Nilijua Wanja alikuwa ameshamweleza. Nikadhani amechoka na safari. Nikamwambia, "Mjomba alifariki, Mzee." Uso ukamwanguka. Akavua kofia, akasimama kimya pale kwenye jua, akasema, "Alikuwa akinichekesha sana kwenye simu." Tukampeleka ndani, tukampa maji baridi. Alipomaliza glasi akatazama huku na huku, akaniuliza tena kwa sauti ile ile, yenye furaha, "Na Dekow? Dekow yuko wapi?"

Nilisikia baridi shingoni. Wanja alijibu haraka kabla yangu, "Anakuja, Baba." Halafu akaniambia mimi, bila kunitazama, "Amechoka tu." Nami nikakubali tena. Angalia jinsi nilivyozoea kukubali.

Ukumbi ulijaa, Abti. Ungeona. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na askari wawili mlangoni wakipekua mikoba kama kawaida. Vijana walikuwa wamekuja na makoti ya mvua. Msichana mmoja alilivaa juu ya hijabu, jasho linamtiririka, anacheka. Kina mama waliotazama kipindi kile wakiwa wasichana walikaa mbele. Bashir alikusomea dua, ukumbi mzima ukaitikia amin. Kisha akaita jina langu, na miguu yangu ikapanda jukwaani, mimi mwenyewe nikiwa bado chini.

Nikamwuliza Mzee kama aliogopa kuja Garissa. Maikrofoni niliishika kwa mikono miwili. Akasema, "Nimeogopa joto peke yake. Watu wa hapa ndio wanaoniogopa mimi." Wakacheka, wakapiga makofi. Nikapumua. Nikamwuliza kuhusu koti, akaeleza vizuri, kwamba lilikuwa la dereva wa kampuni iliyotengeneza kipindi, na kila jioni dereva alidai arudishiwe. Nikamwuliza swali la tatu, kuhusu wenzake aliocheza nao. Akasema, "Nimeogopa joto peke yake. Watu wa hapa ndio wanaoniogopa mimi."

Wakacheka tena. Walidhani ni mzaha.

Nikauliza jingine. Sikumbuki nini. Akanitazama machoni, na macho yake yalikuwa yakitafuta kitu usoni kwangu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akarudia maneno yale yale. Kicheko kikawa chembamba. Nilikuwa nimefunga mdomo kama ulivyonifundisha, nangoja aje mwenyewe, na sikujua kwamba hakuwa na pa kutoka.

Hapo kijana mmoja nyuma akainua funguo zake akazitikisa. Unajua mashabiki wa kipindi kile wanavyofanya. Alitaka kumpa moyo. Mwingine akafuata. Halafu ukumbi mzima, Abti, funguo za tuk-tuk, za maduka, za nyumba, kina mama na mashada yao ya funguo za kabati, zote zinalia pamoja. Sauti ile. Nilirudi utotoni pale pale, nywele zikanisimama.

Lakini Mzee ndiye niliyemwogopea. Alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akasimama nusu, akasema kwa sauti kubwa, "Nani amefungua? Nani amewafungulia mlango?" Watu wakashangilia! Walidhani anaigiza, ndiyo kwanza Bawabu amefika. Wakazidi kutikisa. Mimi tu, niliyekuwa karibu, ndiye niliyemwona akilia. Akaniinamia, akasema kama mtoto, "Mama, nitoe hapa."

Sikujua la kufanya. Naapa, nilikutafuta. Niligeuza kichwa kwenye kamera kana kwamba uko.

Alirudi nyuma akakiangusha kiti. Kiti cha chuma, kwenye jukwaa la mbao, karibu na maikrofoni. Mshindo ule ulitoka kwenye spika zote. Na mtu nyuma akapiga yowe.

Unaujua mji wetu. Kishindo kidogo na watu hawaulizi. Kukimbia hatukujifunza vitabuni, milio ya bunduki ilishatufunza. Upande wa wanawake wote ulisimama kama kitu kimoja, ukaelekea kwenye mlango mmoja mwembamba. Niliona mama na mtoto mgongoni akisukumwa ukutani. Niliona viatu vinabaki. Nikaona jinsi itakavyokuwa, wote chini ya wote, na kwamba itakuwa kwa sababu yetu, kwa jina lako. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Hofu ilinifika kwenye meno.

Nikasikia mtu anasema kwa Kisomali kwenye spika: "Fadhiista. Waa kursi. Kursi ayaa dhacay." Kaeni. Ni kiti. Kiti kimeanguka. Alikuwa akisema polepole, kama anayembembeleza mtoto, akirudia. Ni kiti. Kiti kimeanguka. Kaeni. Ilinichukua muda kujua ni mimi. Sikupiga kelele, nadhani kwa sababu pumzi ya kupigia kelele sikuwa nayo. Bashir alikuwa ameshafika mlangoni, amenyoosha mikono yote miwili, anasema hayo hayo. Askari mmoja, Mungu ambariki, aliweka bunduki yake nyuma ya mgongo akainua viganja watu wavione. Halafu mama mmoja mzee, mnene, katikati ya msukumano, akaketi chini. Sakafuni, pu, kama yuko kwake. Aliye nyuma yake ikabidi akae. Wengine wakakaa. Ilikwenda kama upepo kwenye nyasi, mpaka mlangoni.

Msichana mmoja alikanyagwa mguu. Mwingine alizimia, akamwagiwa maji. Basi. Alhamdulillahi, Abti, ni hayo tu.

Nikawaomba waweke funguo. Wakaweka. Wanja alikuwa ameshapanda jukwaani, amemfunika baba yake kichwa kwa leso yake, amemziba masikio kwa viganja, anamwambia, "Ni mimi, Baba. Tumefika. Ni mimi."

Tuliwapeleka nyuma, kwenye stoo ya jikoni, kwenye magunia ya mchele. Mzee alilala kwenye kiti mara moja, kama taa iliyozimwa. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia Wanja, "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, mngemwalika?"

Nikachukua kipande cha boksi, nikampepea Mzee.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema, "Mjomba wako alikuwa akimpigia simu, anamwambia njoo tutengeneze fideo. Baba anasahau kama amekula, dada. Anasahau jina langu. Lakini kila asubuhi aliniuliza, tunakwenda lini kwa Dekow? Ningemkatalia vipi?" Kisha akanieleza ilivyoanza. Hakuwa akinieleza mimi hasa, alikuwa akimwaga tu mzigo. "Mama alipokufa akaanza kumwekea chai. Jioni anauliza, mama yenu hajarudi? Tukimwambia amekufa, analia upya. Kila mtu akasema ni majonzi. Na mimi nikasema ni majonzi. Tukapoteza mwaka mzima tukisema ni majonzi."

Abti, nilishika mlango. Nje nilimsikia Bashir kwenye spika anawashukuru watu kwa utulivu, na ndani yangu kitu kilikuwa kinaanguka kama kile kiti. Nilikuwa nimejua. Tangu kikombe cha kwanza nilikuwa nimejua.

Wanja aliona uso wangu. Akauliza, "Nani?"

"Mama yangu."

Hakunipa pole. Alisogea kwenye ile ndoo akaniachia nafasi, na haikutosha watu wawili lakini tulikaa. Nikamwuliza anafanya nini sasa Mzee akimtafuta mkewe. Akasema aliacha kumwambia amekufa, na kumdanganya kwamba anakuja pia kunamchoma, anafanya hivyo tu akibanwa, kama leo. "Siku nyingi namwuliza, unamtakia nini? Basi ananieleza. Akishaeleza anatulia."

Mzee aliamka Alasiri. Watu walikuwa wameondoka. Tulimketisha barazani nyuma ya jikoni, penye kivuli, tukampa chai, na alikuwa mtu mwingine kabisa, macho yametulia. Akanitazama akasema, "Nimeharibu, sivyo?"

Nikasema hapana. Akasema, "Najua, binti. Siku nyingine najua. Washa hiyo mashine yako kabla sijapotea tena."

Nilimtazama Wanja. Akaitikia kwa kichwa. Nikawasha. Picha ya mwanzo yote inacheza, utanisamehe. Nikamwuliza alikula nini siku ya kwanza ya *Wodi ya Mwisho*. Nikafunga mdomo.

Akasema hakula kitu. Alikuwa ameambiwa awatishe watu na hakujua vipi. Alikuwa mwigizaji wa vichekesho. Kisha akakumbuka baba yake. Baba yake alikuwa na ghala la mahindi, na alipokuwa mtoto akikosea alifungiwa humo, pamoja na panya. Hakujua atafunguliwa lini. Alikuwa akikaa gizani akisikiliza funguo kiunoni mwa baba yake zikija, na hakujua zikija zinakuja kumtoa au kumpiga. "Basi nikamcheza yeye," akasema. "Sikuwa na mtu mwingine wa kutisha. Nikivaa lile koti nilikuwa ndiye mwenye funguo, kwa hiyo hakuna wa kunifungia. Nililala vizuri miaka ile." Akanywa chai. "Sasa ninazisikia tena. Na nimerudi ndani."

Sikuuliza kitu. Nilikuwa sioni vizuri kwenye kamera. Baada ya muda yeye ndiye aliyeniuliza. "Na wewe uliniogopa, ulipokuwa mdogo?"

"Sana, Mzee."

"Pole," akasema, kama mtu aliyenikanyaga bahati mbaya. Halafu akageuka kwa Wanja akamwita jina la marehemu mkewe, akamwuliza kama mbuzi wamefungwa. Nikazima kamera.

Waliondoka kesho yake. Bashir na mimi tulikubaliana picha za jukwaani hatutazitoa, lakini simu zilikuwa nyingi ukumbini na moja ilitosha. Kabla ya Ijumaa watu walikuwa wakicheka nchi nzima, Bawabu analia Garissa, Bawabu anaita mama. Wengine waliandika kwamba ndivyo Garissa inavyomfanya mtu. Nilishindwa kula. Nikaogopa kumpigia Wanja, akanipigia yeye. Akasema Mzee hajui lolote, anakula vizuri, na toa ile ya barazani, yote. Nikatoa. Ya kwanza kwenye chaneli yetu bila sauti yako. Wengi waliacha kucheka. Wengine hawakuacha. Wapo walioniandikia habari za baba zao, za mama zao, na kila barua niliisoma mkono wangu ukiwa mdomoni.

Nilimpeleka Hooyo hospitalini. Daktari kijana, mpole, alimtajia vitu akamwomba avirudie baadaye kidogo. Hooyo alipoulizwa alicheka, akasema, "Mwanangu, hukuniambia kitu." Alicheka vizuri sana, Abti, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Daktari akaniangalia mimi. Ni ule ugonjwa wa kusahau, kama wa Mzee. Haurudi nyuma. Kuna vidonge, kuna mambo ya kufanya nyumbani, na shehe anakuja kumsomea, tunafanya yote. Jamaa bado wanasema ni majonzi. Siwalaumu.

Naogopa siku atakayoniuliza mimi ni nani. Naogopa kama itakuwa mbele ya watu au tukiwa peke yetu, na sijui kipi ni kibaya zaidi. Usiku sijambo, kwa sababu analala. Ni mchana ninaouogopa.

Wiki iliyopita aliuliza tena. Alikuwa amekaa kizingitini, anachungulia njia, anafinya vidole. "Dekow hajaja?"

Nikaketi karibu yake. Sikuwa na kamera. Nikamwuliza, "Unamtakia nini, Hooyo?" Na nikafunga mdomo.

Akazidi kuchungulia njia. Kisha akasema, kwa sauti ya msichana, kwamba umekwenda mtoni peke yako. Amekukataza na umekwenda. Yeye alikuwa akikamua mbuzi, akageuka, hukuwepo. Mamba wa Tana wako kimya, hawatoi sauti, na wewe ni mdogo, unapenda kuingia mpaka maji yafike kiunoni. Mama yenu atasema nini? Kumbe ndiyo hofu aliyokuwa nayo kila Alasiri, na mimi nilikuwa nikimwambia umekufa! Ndicho alichokuwa anakiogopa hasa, na mimi nikawa namthibitishia.

Nikamshika mikono. Nikamwambia, "Ametoka majini, Hooyo. Nimemwona. Yuko nchi kavu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akashusha pumzi ndefu. Mabega yakalegea. Akasema ukija atakuchapa, akaingia ndani kulala.

Sikumdanganya, sivyo Abti? Niliapa. Niambie sikumdanganya.

Hofu yangu haijapungua, sitakuficha. Lakini nakuahidi hili: kila atakapouliza, nitamwuliza unamtakia nini, na nitangoja, hata jibu likiwa la kuniogopesha, hata siku atakapokuwa hanijui mimi ninayemwuliza. Nitamtoa mtoto yule mtoni kila siku mpaka mwisho.

Kaa kwa amani ulipo. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, alitie nuru, na asikuoneshe hofu yoyote humo.

Mimi, abti wako,

Hibo